Gari Lilishuka Wakati Bendera Inapanda

Gari lilikuwa linashuka juu ya Lambert, na hakuna mtu aliyesogea.

Nasema hakuna mtu, ninyi mnaosoma. Si mafundi, si wateja wangu wa mikate, si wapita njia kwenye avenue. Watu wazima, wenye akili zao, wamesimama kama nguzo za umeme. Mikono chini, macho juu...

Juu bendera ilikuwa inapanda.

Mlio wadogo mtaona ninaongeza chumvi. Wakati ule wa Zaïre, kila asubuhi filimbi ikilia kwenye bureau ya zone, ofisi ya serikali, Kisangani yote inasimama. Mwenye baiskeli anashuka. Mama anayepiga mtoto anaacha kupiga, na mtoto naye anaacha kulia, maana anajua. Ukisogea, vijana wa chama wanakuona. Na wakikuona... bon, ulizeni wazazi wenu.

Garaji ambamo Lambert alikuwa fundi ilitazamana na bureau ile uso kwa uso.

Sasa nieleze gari lenyewe, msije mkapotea.

Lilikuwa basi la abiria la papa Benoît, mfanyabiashara mkubwa kutoka upande wa Butembo. Lilipeleka watu kwenye uwanja wa ndege kule Bangboka, na barabara ile ilikuwa mashimo matupu. Watu walifika wakiwa wametwangika kama majani ya pondu kwenye kinu. Walilalamika mpaka papa Benoît akachoka.

Ndipo Lambert akaleta akili yake.

Kule Bangboka kulikuwa na basi moja la zamani limekufa kwenye majani. Chini yake hakukuwa na vyuma vya kawaida vya kubebea mwili wa gari. Kulikuwa na mifuko minene ya mpira, inajazwa hewa, gari linakaa juu yake kama mtu juu ya mto. Lambert akaitoa, akalivalisha basi la papa Benoît. Akaweka pampu inayozungushwa na injini, akatembeza matuyau, mabomba ya hewa, chini kote, na pembeni ya kiti cha dereva akafunga mkono mdogo wa chuma.

Ukiusukuma juu, hewa inaingia, gari linapanda.

Ukiuvuta chini, hewa inatoka, gari linashuka, linapiga magoti kama mtu anayeingia misa.

Ukiuachilia, unarudi katikati wenyewe, na gari linabaki pale pale lilipo.

Kuuachilia tu. Hilo mlishike.

Na Lambert? Kwenye karatasi za Leta, yaani serikali, alikuwa citoyen Lokwa, raia Lokwa, maana majina ya wazungu yalikatazwa. Kwangu alikuwa Lambert. Alikula mikate yangu kabla ya wale wanaolipa. Jioni alipita nyuma ya nyumba yetu, si mbele. Aliniambia:

"Adeline, gari ikitoka garaji, nakuja kuona papa yako."

Nikangoja. Mimi kungoja ninajua. Unga wa mikate haukimbizwi.

Asubuhi ile Lambert aliingia chini ya gari kukaza tuyau moja lililokuwa linavuja. Injini ilikuwa inanguruma. Kwenye kiti cha dereva alikaa Sefu, fundi mwenzake, mtu wa Maniema, mpole.

"Sefu, leo usilale kwa volan."

"Miye kulala? Ni weye unalalaka chini ya gari, unasema unatumika kazi."

Mafundi wakacheka. Hata mimi nilicheka, beseni likiwa kichwani.

"Bon, shusha kidogo. Tuyau inakataa kuingia."

Sefu akavuta mkono chini. Ssss... gari likaanza kupiga magoti.

Filimbi ikalia.

Na Sefu akasimama kama watu wote. Yaani alikaa vile vile alivyokuwa: mgongo wima, macho kwenye bendera... na mkono wake wa kuume bado umevuta kile chuma chini.

Ssss...

"Sefu, inatosha."

Ssss...

"Sefu. Acha. Unaniua."

Jasho lilimtoka Sefu usoni mpaka shingoni. Angelegeza vidole tu. Vidole tu, jamani. Lakini langoni alisimama kijana wa chama na mavazi yake ya kijani, anapitisha macho kwa mtu mmoja mmoja, na vidole vya Sefu viliogopa kuliko Sefu mwenyewe.

Sauti ya Lambert ikawa ndogo. Haikuwa tena maneno. Ilikuwa pumzi.

Nikatupa beseni nikakimbia.

Kwenye mlango wa gari kulikuwa na chuma kimechomoza. Kikaninasa kikwembe nilichojifunga kiunoni, kikafunguka. Sikurudi kukinasua. Nikapanda, nikashika vidole vya Sefu, nikavibandua kimoja kimoja kama mtu anayetoa konokono kwenye ukuta. Kisha nikasukuma ule mkono juu.

Gari likaanza kupanda. Polepole... polepole kuliko ile bendera.

Na mimi sikuweza kuuachilia, maana ningeuachilia gari lingesimama kabla Lambert hajatoka. Basi nikabaki pale, mlango wazi, mkono juu, na kikwembe changu kinaning'inia nje kwenye chuma.

Nilibaki na jupon tu, sketi ya ndani.

Jupon ya mama yangu, nyuma ina kiraka cha gunia la unga, na maandishi ya gunia bado yanasomeka.

Na hakuna aliyeweza kugeuza uso. Gari lilikuwa kati yao na bendera, na ilikatazwa kusogea. Walionipenda, walionichukia, mwalimu wangu wa zamani, wote walinitazama mpaka bendera ikafika juu. Na aliyeipandisha siku ile alikuwa na mikono mizito kweli kweli.

Filimbi ya pili ikalia. Watu wakapata miili yao.

Lambert akatoka kwa viwiko, shati limepasuka kifuani, mafuta mpaka kwenye meno. Akasimama. Akaniangalia.

Nikangoja neno. Hata "Adeline" tu ingenitosha.

Akageuza macho upande wa lango. Papa Benoît alikuwa amesimama pale, amekuja kuona gari lake.

Nyuma yake akaingia citoyen Likunde, mkubwa wa vijana wa chama. Mtu mfupi, sauti ya chini. Hao wa sauti ya chini ndio wa kuogopwa.

"Nani alisogea?"

Hakuna aliyenitaja. Walinitazama tu, wote pamoja. Ni kitu kimoja.

"Citoyenne, vaa kwanza."

Nikavaa. Fundo likakataa kushika mara mbili. Mtu akacheka nyuma. Wakati ule ule nikamwona papa yangu, Télesphore, anaingia mbio kutoka posta alikokuwa karani. Habari ya jupon ilimfikia kabla hata sijashuka kwenye gari. Alishika kofia yake kwa mikono miwili na hakuniangalia.

Citoyen Likunde akasema:

"Sikia muzuri. Kama huyu fundi ni bwana yako, iko mambo ya nyumba. Muke akiona bwana yake anakufa, anakimbia. Hata ya kwangu angekimbia, nafikiri. Tutasahau. Lakini kama ni mutu wa njia tu, donc ulizarau bendera. Na papa yako anakula mushahara ya Leta. Umeelewa?"

"Nimeelewa, citoyen."

Moyo wangu ulitulia, nawaambia ukweli. Niliona mambo yamekwisha.

"Citoyen Lokwa. Huyu iko muke yako?"

Lambert akachukua kitambaa, akafuta mikono. Kidole kwa kidole.

"Simujue. Anauzishaka mikate hapa."

Nilisikia masikio yananguruma kama ile injini. Papa yangu akakunja kofia. Na papa Benoît akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akasema, tena kwa upole:

"Ni kweli, citoyen. Huyu kijana ni mukwe yangu. Siku ya mungu, jumapili inayokuja, analeta pombe ya posa nyumbani, juu ya mutoto yangu Virginie."

...

Ndiyo hivyo, dada zangu. Nyuma ya nyumba kwangu, mbele ya nyumba kwa Virginie.

Nilitaka ardhi inimeze. Si juu ya Virginie, yule masikini hakujua kitu. Ni kwa sababu kila mtu pale garaji alikuwa anajua habari yangu na Lambert. Mafundi walijua. Wateja walijua. Sasa wote walikuwa wanatazama viatu vyao, na mimi nikaona kumbe nilikuwa uchi hata kabla ya kikwembe kunaswa.

Lakini papa Benoît alikuwa na swali lingine.

"Lambert, gari yangu ilitaka kuua mutu? Kesho watu watapanda ndani yake?"

"Apana, papa." Sauti ya Lambert ilitoka haraka. "Hakukuwa hatari. Niliweka magogo chini. Gari ingeshuka kidogo, ingekaa juu ya magogo. Huyu mwanamuke alikimbia bure."

Bure.

Hilo neno lilinichoma kuliko "simujue".

Citoyen Likunde akakuna kidevu.

"Magogo iko wapi?"

"Ile pale, kando. Niliitosha sasa hivi."

Hakuna aliyemwona akitoa kitu. Hakuna aliyesema.

"Bon. Rudisha magogo yako. Lala chini kama ulivyokuwa. Sefu atashusha. Kama unasema kweli, hautakuwa na shida."

Lambert akacheka kidogo, peke yake. Akabeba magogo mawili, akayaweka chini ya gari. Akapiga goti. Akalala chali. Akaingiza kichwa, mabega, kifua...

Sefu juu kwenye kiti, mkono kwenye chuma.

"Nishushe?"

"Shusha."

Ssss...

Lambert alibingirika akatoka nje kabla gari halijashuka hata upana wa kidole. Akabaki amekaa kwenye vumbi, anahema. Na gari likaendelea kushuka mbele ya macho yetu, likashuka, likashuka... Lilipofika kwenye magogo, pale kilipokuwa kifua chake pasingeingia hata sahani.

Niliona haya kwa niaba yake. Mtu mzima, fundi anayejulikana, amekaa kwenye vumbi na kila mtu anajua. Ningeweza ningemfunika na kikwembe changu, na mimi nibaki tena na jupon. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Papa Benoît akavaa miwani yake.

"Siku ya mungu usikuje," akasema. Akatoka langoni kwa miguu.

Hapo ndipo Lambert akainuka. Akaja mpaka karibu nami, akasimama kando yangu kama kwenye picha ya harusi.

"Citoyen, niseme kweli. Niliogopa tu. Huyu iko muke yangu. Adeline. Papa yake ule pale, nitaleta pombe hata leo."

Lile neno, nililingoja muda wote ule. Muke yangu. Mbele ya watu, mchana kweupe. Na mkono wake ukanishika kiwiko.

Nikatazama papa yangu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie aliniangalia, na macho yake yalisema kitu kimoja: kubali, mutoto, tuende nyumbani.

Citoyen Likunde akaniuliza:

"Citoyenne, iko bwana yako?"

Ndiyo moja tu. Jina langu linarudi, papa anarudi kwenye kiti chake cha posta, mikate inauzika kesho.

Nikatoa kiwiko changu.

"Apana, citoyen. Siko muke yake."

"Fikiri muzuri."

"Nimefikiri."

"Basi kama haiko bwana yako, ulikimbia juu ya nini?"

"Juu mutu alikuwa chini ya gari."

Citoyen Likunde akatazama mafundi, akatazama yule kijana wake wa langoni, wote walikuwa wamesimama pale wazima na mikono yao miwili. Kisha akatazama chini. Nikajua naye alikuwa amesimama kwenye avenue ile wakati gari linashuka.

"Papa yako, tumuache," akasema. "Lakini bendera ni bendera."

Juma zima nilisimama kila asubuhi chini ya mlingoti, kisha nikafagia kiwanja cha bureau mbele ya wote. Watoto waliniita Mama Jupon. Sefu alikuja siku ya pili na ufagio wake, akafagia upande wa pili. Papa alikaa muda mrefu bila kuniita jina. Lambert alihamia ng'ambo ya mto, Lubunga. Wanasema huko alioa.

Mnataka funzo? Nilidhani kuona haya ni kwa mtu aliyekosa tu. Kumbe kuna haya nyingine: unafanya kile ambacho wote walipaswa kufanya, na wao hawakufanya. Hao hawatakusamehe haraka. Watakumbuka kiraka cha jupon yako miaka yote, ili wasikumbuke walikosimama wao.

Mimi ninavaa kikwembe changu kwa mafundo mawili siku hizi. Lakini wewe unayesoma, ukisikia mtu anahema chini ya gari, usitazame kwanza nani yuko langoni.