Sekunde Tano za Baba

"Vua pete yangu."

Nilidhani anatania. Nilikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, nimeshika watoto wawili wa darasa la kupuliza mapovu, wale wanaoanza kujifunza kuogelea. Kocha, mchumba wangu, amesimama ukingoni na viatu vya mtaani, kitu ambacho marehemu Baba asingekiruhusu kwenye bwawa lake.

"Harusi ni wiki tatu zijazo. Umelewa?"

"Nimechoka kujidanganya. Wewe ni mwalimu wa mapovu. Mimi nahitaji bingwa."

"Bingwa gani?"

Mdogo wangu akatokea nyuma yake na begi la kuogelea, akamshika mkono. Mdogo wangu wa tumbo moja!

"Dada, usikasirike. Mapenzi hayapangwi."

"Kumbe gauni langu la harusi ulikuja kunichagulia ukiwa naye tayari?"

"Nilikuwa naye," akasema bila haya. "Baba aliniachia mimi mashindano, wewe akakuachia watoto wa watu. Ridhika."

Kocha akainua daftari la Baba, lile la jalada la bluu.

"Na hili tunaondoka nalo. Mwendo wa mdogo wako wote umo humu. Mita mia, sekunde hamsini na nane! Mzee alikuwa akimbania tu kwenye mashindano. Jumamosi kwenye mchujo anaingia timu ya taifa."

Nikawashikisha watoto ukingo wa bwawa, macho yangu kwenye daftari lile.

Bwawa letu la mita ishirini na tano ni fupi kwa mita mbili. Fundi alikosea vipimo, Baba akaona aibu kusema. Kabla ya kila shindano aliniita mimi, mshika saa wake, tukaongeza sekunde tano kwenye namba za daftari, ndipo akampa mdogo wangu mwendo kwa mdomo. Siri hiyo tuliijua wawili tu, na mmoja yuko kaburini.

Pete nikaivua, nikamtupia miguuni.

Ijumaa moyo ulinisuta. Nikaandika: "Mdogo wangu, namba za daftari si za bwawa la mashindano. Ongeza sekunde tano." Kabla sijatuma, ukaingia ujumbe wake, na picha wamekumbatiana:

"Kocha anasema unanuka dawa ya bwawa hata siku ya kutoka. Pole dada, hahaha!"

Nikafuta wangu.

Jumamosi nilikaa mstari wa mbele. Mdogo wangu aliruka na mwendo wa daftari, akawaacha wenzake mbali, Kocha anapiga kelele kama mwendawazimu. Mita hamsini, bado anaongoza. Sabini, mikono ikawa mizito. Themanini, akashika kamba. Walimtoa wakimburuta, anatapika maji.

Kocha hata hakuinama. Alimrushia daftari kifuani.

"Baba yako alikuwa mwongo, na wewe ni galasa. Usinipigie simu tena."

Akaenda zake. Nilitarajia kufurahi, wallahi, na furaha haikuja. Nikashuka mpaka alipokaa.

"Kocha wangu yuko wapi?" akauliza.

"Ameondoka."

Akalitazama daftari lililolowa, kisha akanitazama mimi.

"Baba hakuwahi kunianzisha na mwendo huu. Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakaa pale mbele ukaniangalia?"

"Nikakuangalia."

Akalia kama alivyolia siku ya msiba.

"Baba angeniambia."

"Ndiyo," nikasema. "Baba angekuambia."

Nikamnyooshea taulo. Hakulipokea.