Majina Arobaini na Sita ya Kutetea Waya

Mniwie radhi mapema. Hadithi hii ilitakiwa isimuliwe na mtu mwenye sauti nzito, si na mtu aliyezoea kuigiza mkwe mlevi kwenye harusi za watu. Nitaanza vibaya, nitaruka mambo, na mahali pa kutisha huenda nikacheka. Nikicheka, msinifuate.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo: simu ilipokelewa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limesimama, katika zahanati ndogo mbele kidogo ya Usoke, huko ambako reli na nguzo za simu zinaambatana na njia ya zamani ya misafara. Yoramu, mchekeshaji wa jukwaani aliyeingizwa kwenye kamati ya kutetea simu ya waya kwa sababu ya mdomo wake, alikuwa amekaa mbele ya simu ya mezani, na mbele yake kitabu cha namba cha zamani kilicholiwa na mchwa hadi herufi ya M.

Kampuni ya simu ilikuwa imetangaza kung'oa waya wote wa shaba. Wanaopinga walete majina hamsini. Kamati ilikuwa na majina manne, moja la katekista ambaye hakuwa na simu ya aina yoyote.

Muuguzi Agnetha hakuwa na utani na jambo hilo. Masika iliyopita umeme ulikatika siku tatu, minara ikazima, simu za mkononi zikabaki kuwa vioo vya kujitazamia. Julieth alikuwa anatokwa na damu baada ya kujifungua, na ni ule waya ulioita gari kutoka Urambo.

"Wakiung'oa, Yoramu, nitazika wazazi," alisema.

"Basi tuwapigie watu wa kwenye kitabu. Waliohama, majirani watapokea."

"Hiyo namba ya kwanza ni ya ghala la tumbaku. Pale siku hizi pamelimwa mahindi."

"Mahindi yana masikio bwana," Yoramu akasema, na Agnetha akatoka kwenda kupima wajawazito huku anacheka.

Yoramu akapiga ile namba ya ghala. Ikaita mara mbili.

"Naam."

Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na njuga, zile za miguuni, na vishindo vya watu wengi wakitembea. Kwenye matundu ya mkonga ikatoka harufu ya jasho na vumbi.

"Shikamoo mzee. Tunatetea waya wa shaba usiondolewe."

"Tuliubeba sisi. Niandike. Ngollo."

Yoramu akaandika. Akapiga namba nyingine, ikaita mara mbili, njuga zilezile. Shilinde. Nyingine, Sayi. Hadi adhuhuri alikuwa na majina arobaini na sita, na hakuwa amesikia hata mmoja akiuliza yeye ni nani. Wa mwisho ndiye aliyedai malipo.

"Tumewapa majina. Nasi msafara wetu umepungukiwa mpagazi mmoja. Tupe jina."

Yoramu, ambaye kujitaja jina ndiyo kazi inayomlisha, alifungua mdomo, akaufunga. Dirishani aliona kofia nyeupe ya muuguzi.

"Agnetha," akanong'ona.

"Ameandikwa."

Mkutano wa maoni ulifanyika Tabora mjini, ukumbi umejaa. Afisa wa kampuni aliitwa Modest, kijana nadhifu, na mezani alikuwa ameweka simu ya zamani ya maonyesho, waya wake umekunjwa na kufungwa kwa kamba ya viatu.

"Majina mazuri," alisema. "Watu wako wapi? Ngollo yupo?"

Watu wakacheka. Simu ya maonyesho ikaita.

Modest akautazama ule waya uliofungwa, akatazama ukutani, akanyanyua mkonga kwa vidole viwili kama anayeokota panya, na ukumbi mzima ukasikia "Nipo", na kwa kuwa hakujua afanye nini akasoma jina la pili, ikajibiwa "Nipo", na la tatu, na la kumi, kila jibu likija karibu zaidi na njuga zikiongezeka, hadi wa arobaini na sita alipojibu kwa sauti iliyotoka si kwenye simu bali nyuma ya migongo ya waliokaa safu ya mwisho, ambako hapakuwa na mtu. Modest akatia sahihi bila kukaa. Waya ukabaki.

Wiki hiyohiyo Agnetha akatokwa na kidonda begani. Cha mviringo, kama cha aliyebeba msokoto wa waya kutoka Ujiji. Asubuhi akiamka nyayo zake zimejaa vumbi, mlango umefungwa kwa ndani.

Kamati ikamwita Mwalimu Nassibu, mganga wa majini, kutoka mjini. Akafukiza ubani, akanusa kile kidonda, akarudi nyuma.

"Hawa ni majini wa njia. Wanamwandaa. Mkiukata waya, wanapoteza njia, anapona."

"Usikatwe," Agnetha akasema. "Kuna wanawake kumi na mmoja wanaojifungua mwezi huu."

"Basi aliyelitaja jina lako aushike mkonga, alitoe, aweke lake." Mwalimu akawatazama mmoja mmoja. "Nani alilitaja?"

Yoramu alikuwa anakagua dari.

"Labda ni mtandao," akasema. Hakuna aliyecheka.

Siku ya nne mvua ilinyesha mchana kutwa, umeme ukakatika, na Martha, mmoja wa wale kumi na mmoja, akapasuka chupa mtoto wa kwanza akiwa amelala vibaya. Agnetha akapiga Urambo kwa waya. Gari likaja. Martha yu hai, na mapacha wake, wa kiume na wa kike. Ndiye aliyeona: kabla gari halijafika simu iliita, muuguzi akasikiliza, akasema "Naam, nipo", akaurudisha mkonga taratibu kama anayemlaza mtoto, akainama, akanyanyua kitu ambacho hakikuonekana, akajitwika begani, kisha akatoka kwenye mvua akifuata nguzo za simu kuelekea mashariki. Kwenye tope zilikutwa nyayo zake za raba. Pembeni mwake, mbele na nyuma, nyayo za miguu mitupu, nyingi mno kuhesabika.

Waya upo hadi leo. Zahanati ikapata muuguzi mwingine, naye hataki kuigusa ile simu, kwa hiyo Yoramu ndiye anayekaa nayo. Kila siku saa nne asubuhi inaita mara mbili. Njuga. Jasho. Na sauti anayoijua.

"Kaka Yoramu, bega limeisha. Taja jina lako tu, nami nitue."

Niliwaambia nitaisimulia vibaya. Sikuwaambia kwamba Yoramu ni mimi. Mimi niliyezunguka mkoa mzima na kipaza sauti nikitangaza kwamba simu ya waya haijawahi kumkosa mtu, kila asubuhi nabana pua, nalegeza sauti kama binti, namjibu:

"Samahani. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."