Kamufuko ka Maharagi

Kavugho aliuza viazi sokoni Bulengera, mjini Butembo. Viazi vilitoka Masereka, kule juu kwenye baridi, na vilifika vingali na udongo mweusi. Mama huyu alikuwa na sauti, wee! Akitangaza viazi vyake, mtu wa upande wa pili wa soko aligeuka. Na asiyegeuka alirushiwa kiazi kidogo miguuni. Watu walicheka, wakaja, wakanunua.

Lakini mwaka ule wa 2001, tangu mwezi wa tatu, sauti hiyo ilinyamaza. Watu walipita mbele ya meza yake wakisema, "Jambo, Mama Filimbi!" Kavugho aliinama tu, akapanga viazi ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Jina hilo alilipata wapi? Sikiliza.

Ulikuwa wakati wa vita. Leo askari hawa, kesho askari wale, na mwananchi hakuulizwa kitu. Wezi wenye bunduki waliingia majumbani. Watu wa Bulengera hawakuwa na bunduki, walikuwa na filimbi. Ukivamiwa, unapuliza. Jirani akisikia, anapiga sufuria. Wa tatu naye anapiga yake, mpaka mtaa mzima unalia, na mwizi anaona afadhali aende zake. Filimbi ya mtaa wao iliwekwa kwa Kavugho, kwa sababu ya yale mapafu yake.

Binti yake Bénite, mwenye miaka kumi na miwili, alijifunza karate katika ukumbi wa parokia. Mwalimu wake aliitwa Josaphat. Mara mbili kwa juma watoto waliruka na kupiga kelele pale, na kwa saa hizo walisahau vita. Mwezi wa tatu, watoto wa Beni walikuja kushindana nao. Walipanda lori la mfanyabiashara, katika barabara ambayo wakati ule ilikuwa ya kubahatisha. Josaphat alikosa wasaidizi, akamshika Kavugho mkono.

"Mama Bénite, utusaidie. Dakika mbili zikiisha, ujulishe."

"Nijulishe na nini?"

"Na kitu yoyote ya sauti."

Basi, hakuelezwa zaidi. Kavugho alienda nyumbani, akachukua kitu chenye sauti kuliko vyote. Dakika mbili za pambano la kwanza zilipokwisha, akapuliza.

Mungu wangu! Huko nje sufuria zikaanza kulia. Wamama wakanyakua watoto. Ukumbi ulikuwa na mlango mmoja tu, na wote walitaka kupita pale pamoja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na watu wale walikuwa wameumwa mara nyingi. Kitsa, mtoto wa jirani yake Kavugho, alianguka mlangoni. Walimkanyaga, mkono ukavunjika. Watoto wa Beni walipanda lori na nguo zao nyeupe za karate, wakaondoka bila kuaga.

Hakukuwa na mwizi. Hakukuwa na askari. Alikuwa Kavugho tu, na filimbi mdomoni.

Mama yake Kitsa aliitwa Anne-Marie. Alikuwa mshonaji na rafiki wa Kavugho wa miaka mingi. Tangu siku ile hakumsalimia tena. Wakikutana njiani, aligeuza uso. Hilo lilimuuma Kavugho kuliko jina la Mama Filimbi. Tena padri, mwenye ukumbi, alimwambia Josaphat, "Nafasi iliyobaki ni moja tu. Fujo ikirudi, nafunga salle."

Mwezi wa nane, mwalimu mmoja alikuja kutoka Beni. Aliitwa Éliakim, na alikuwa ameamua mashindano ya karate kwa miaka ishirini. Josaphat alimwita awafundishe wazazi kazi ya kusaidia. Kavugho alikataa kwenda. Éliakim akamfuata mpaka kwenye meza yake.

"Mama Bénite, niko nakutafuta."

"Papa, uniache. Mi niliharibu. Mutoto wa batu alivunjika mukono."

"Nani alikufundisha kazi ile?"

"Hakuna mutu."

"Donc, basi, kosa ni ya sisi bote. Mutu anapewa kazi bila kufundishwa, kisha banamucheka? Hapana! Kuja kesho saa nane. Na hivi viazi, unipimie."

Kavugho alimpimia, akamwongezea viwili. Kesho yake alienda.

Wazazi kumi na mmoja waliketi kwenye mabenchi. Éliakim alichora mraba mkubwa wa chaki kwenye sakafu.

"Batoto banapigana humu ndani," alisema. "Arbitre, ule mwenye kuamua, anasimama nabo. Sisi tuko pembeni, na kazi yetu ni tatu. Kuna mwenye saa, mwenye kuandika pointi, na benye kuinua bendera pointi ikiingia. Kila mutu ashike yake. Mwenye saa hapana kuhesabu pointi. Mwenye bendera hapana kuangalia saa."

Alimpa Kavugho saa ndogo ya kubonyeza.

"Arbitre akisema 'Hajime!', batoto banaanza, weye unabonyeza. Akisema 'Yame!', banasimama, na saa yako inasimama. Akisema tena 'Hajime!', inaendelea. Macho yako kwa arbitre na kwa saa, basi."

Maliro, baba mmoja mwenye maneno mengi, aliinua mkono. "Na kama ni mutoto wangu njo anapigana?"

"Unasimama, unaachia mwenzako kiti. Hata kama uko mutu wa haki, batu bote baone ile haki."

"Na mutoto wa ndugu yangu?"

"Naye vile vile."

"Aa! Basi Butembo nzima tutasimama!"

Walicheka mpaka benchi likatikisika. Hata Kavugho alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwezi wa tatu.

Kisha likaja swali lenyewe. Dakika zikiisha, mwamuzi atajuaje? Watu wanashangilia, sauti ya mtu haisikiki.

"Tupige sufuria," alisema mama mmoja, Julie. Halafu yeye mwenyewe akajiziba mdomo.

"Kengele ndogo ya kanisa," alisema Maliro.

"Ile inalia mutu akikufa," walimjibu.

Filimbi hakuna aliyeitaja. Vita ilikuwa imechukua kila sauti ya Butembo na kuipa kazi.

"Sokoni," alisema Kavugho polepole, "mutu akikosa kunisikia, namutupia kiazi."

Wengine walicheka, lakini Éliakim hakucheka. "Endelea, mama."

"Lakini kiazi kitaviringika, mutoto atakikanyaga. Heri maharagi, mu kamufuko. Kakianguka, kanabaki palepale."

Éliakim aliomba kitambaa, akafunga ndani yake konzi ya maharagi, akakirusha ndani ya mraba. Pu! Kikakaa.

"Munaona? Filimbi ikilia, sauti inaenda. Kisha batu banagombana kama ililia mbele ya pointi ao nyuma. Kamufuko kanabaki pale, kila mutu anakaona. Wasingya, asante mama. Leo mi njo nimefundishwa."

Jioni ile Kavugho alishona kamufuko ka kitenge chekundu. Zamani angempelekea Anne-Marie. Sasa alishona mwenyewe, na mshono ulikwenda kama njia ya mlevi.

Watoto wa Beni walikubali kurudi mwezi wa tisa, Jumapili baada ya misa. Safari hii mambo yalikwenda kama yalivyofundishwa, na Éliakim mwenyewe alikuwa mwamuzi. Julie aliandika pointi. Maliro alishika bendera na, ajabu ya Mungu, alinyamaza. Zamu ya Bénite ilipofika, Kavugho alisimama bila kuambiwa, akampa saa baba mwingine, Paulin. Akaenda kuketi na wamama na kupiga makofi kama wao. Bénite alishinda. Kavugho akafuta machozi, akarudi kazini.

Pambano la mwisho lilikuwa la Kitsa. Mkono wake ulikuwa umepona. Mwenzake alikuwa Ésaïe wa Beni, mwepesi kama sungura, na alimzidi Kitsa pointi moja. Anne-Marie alisimama nyuma ya meza, mikono kifuani.

Zilibaki sekunde kumi. Butembo yote ilipiga kelele, "Kitsa! Kitsa!"

Kavugho alitazama saa. Moyo wake ulimwambia, "Mutoto huyu alivunjika kwa sababu yako. Umungojee sekunde moja tu. Nani atajua?" Saa ilikuwa mkononi mwake, hakuna mwingine aliyeiona. Mkono ulikang'ang'ania kamufuko. Tano. Nne. Alimwona Kitsa anajikusanya kuruka. Mbili. Moja.

Akarusha.

Kamufuko kakaanguka pu, ndani ya chaki. Ndipo mguu wa Kitsa ukafika kifuani mwa Ésaïe. Lilikuwa teke zuri kuliko yote ya siku ile.

"Pointi!" Ukumbi wote ulisimama. "Pointi! Banatuiba!" Maliro alitupa bendera, akasahau mafunzo yote. Karibu na mlango watu walianza kusukumana. Padri alishika ufunguo mfukoni.

Éliakim alinyoosha kidole chini. Watu wakakifuata kwa macho. Kamufuko kekundu kalikuwa kamelala pale, mbele ya wote.

Maliro alitazama. Akaokota bendera yake. "Ni kweli," alisema. "Kalikuwa kameshafika."

Kitsa naye alikatazama. Aliinamisha kichwa kumpa Ésaïe heshima, na Ésaïe akamrudishia. Mmoja alianza kupiga makofi, kisha wote. Beni ilishinda, na hakuna aliyekimbia. Watu walitoka mlangoni mmoja mmoja, wakipeana mikono. Watoto wa Beni walikula viazi vya Masereka kabla ya kupanda lori, na mkubwa wao akasema, "Mwezi wa kumi na moja, ni zamu yenu kuja kwetu." Padri akampa Josaphat ufunguo, akamwambia akae nao.

Kavugho alibaki kufuta chaki. Alipoinua kichwa, Anne-Marie alikuwa mbele yake. Alishika kamufuko. Mshono ulikuwa umefunguka, na maharagi yalidondoka moja moja.

"Nani alishona hii?"

"Ni mimi, Mama Kitsa."

"Inaonekana."

Kavugho aliinama, akafuta chaki tena.

"Ungengojea kidogo tu, mutoto wangu angepata pointi," alisema Anne-Marie.

"Najua."

"Nilikuwa naona mukono yako. Ilikuwa inang'ang'ania hii kamufuko." Aliketi kwenye benchi. "Kama ungengojea, batu bangegombana, na leo tungekimbia tena."

Alichomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake. "Okota maharagi, ulete. Beni hatutaenda na aibu kama hii."

Kavugho aliokota, akilia na kucheka pamoja. Anne-Marie alishona, mshono mdogo mdogo, ulionyooka. Alipomaliza alikata uzi kwa meno.

"Twende, Mama Maharagi. Na kesho sokoni nataka kukusikia."

Kesho yake asubuhi, sauti ya Kavugho ilivuka soko lote la Bulengera. Maliro alipita akijifanya hasikii. Kiazi kikamfuata miguuni.