Aliyeitika Kabatini

Wa kwanza kuisikia ile sauti alikuwa Shamir, naye alidhani ni hitilafu ya kinasa sauti.

Alikuwa akitengeneza filamu fupi ya vikaragosi vya karatasi, peke yake, kwenye meza ya chakula ya mama yake huko Weston, mtaa wa Toronto. Anasogeza mkono wa kikaragosi kidogo, anapiga picha, anausogeza tena, anapiga. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na majira ya baridi ya mwaka 2011 yalikuwa yanayoyoma bila filamu kufika nusu. Hadithi ilikuwa yake mwenyewe: mtoto anaitwa kwa jina la kike wala haitiki, kwa kuwa anajijua ni mvulana. Shamir alizaliwa akapewa jina la Shafina. Alipomweleza mama yake ukweli wake, Zebunissa, mjane aliyetoka Tanga, alimwambia sawa, kisha akaenda kulia bafuni huku amefungulia maji.

Alijitahidi, tusimwonee. Alijizoeza kusema Shamir mpaka akazoea. Ila lile jina la zamani lilikuwa limemkwama kooni, kwa hiyo mwanawe alipomwomba aigize sauti ya mama kwenye filamu, aite "Shafina" kama alivyokuwa akiita, alikubali upesi kuliko ilivyofaa.

Walirekodia ndani ya kabati la makoti karibu na mlango, maana nguo nzito humeza mwangwi. Sasa, Zebunissa alikuwa na desturi ya kufukiza makoti yake udi, yasije yakamwaibisha kwenye treni kwa harufu ya vitunguu, na kengele ya moshi aliivika kofia ya plastiki ya kuogea ili isimpigie kelele. Siku ile hakukitoa kabatini kitezo cha udi. Akasimama gizani, moshi ukimzunguka, jua linatua, akaita kwa uchungu wote aliokuwa nao jina lisilo na mwenyewe. Tanga hata mtoto angemkanya kwamba wasioonekana huitwa hivyohivyo. Yeye Toronto ilikuwa imeshamsahaulisha.

Walipoirudia sauti mezani, baada ya mwito wa mwisho Shamir akasikia, "Abee, mama."

Ilikuwa sauti ya msichana, laini, yenye adabu. Shamir alivua visikizio vya masikioni polepole, akampa mama yake asikilize.

"That's not me," alinong'ona. "Mama, mimi sikuitika."

Mama yake alisema huenda ni jirani. Lakini sauti alikuwa ameitambua, ni ya Shafina wake wa zamani, na kilichomshika hakikuwa hofu, ilikuwa furaha. Hapo ndipo alipokosea.

Kesho yake Shamir alipotoka kwenda chuoni, alichoma udi, akaita, akaitikiwa. Akawa anafanya hivyo kila mchana. Yule wa kabatini alisema Kiswahili safi, akauliza habari za marehemu baba, akaomba hina, akaomba bangili, na Zebunissa aliviweka chini ya makoti, na alipofungua kabati baadaye havikuwepo. Hakumwambia mtu. Mambo kama hayo hayasemwi jamatini, mbele ya waumini wenzake.

Shamir naye akaanza kudhoofika. Sauti ilimkauka ikabaki mkwaruzo, chakula kikamshinda, akawa anapita sebuleni mtu asijue kama amepita. Kisha siku moja alimwita mama yake aje atazame kompyuta. Katikati ya picha alizopiga yeye zilikuwepo nyingine ambazo hakuzipiga, na ndani yake uliingia mkono wa mwanamke uliochorwa hina, wenye bangili, ukimshika yule kikaragosi mvulana, picha baada ya picha, taratibu kama mtu asiye na haraka, ukimgeuza, ukimlaza kifudifudi, ukimfunika karatasi nyeupe mpaka juu ya kichwa, na nyumba nzima wakati huo ilikuwa inanuka udi ilhali hakuna aliyeuwasha.

"Nani huyu, mama?" Shamir aliuliza kwa ule mkwaruzo wake, kwa Kiswahili, naye ni nadra amwulize kitu kwa Kiswahili.

Aibu ikamchoma Zebunissa. Siku hiyohiyo akampigia Bi Rashida, Mpemba wa mtaa wa Parkdale, ambaye watu humwendea kimyakimya kwa uganga. Bi Rashida alifika jioni na koti lake la theluji, akamshika Shamir kipaji cha uso, akasoma kidogo, akatikisa kichwa.

"Mtoto huyu hana jini wala hajawahi kuwa nalo," alisema. "Jini ni lako, dada. Umeliita, umelipa jina, umelilisha. Sasa linataka na mwili. Mimi nitasoma, lakini kulikataa ni kazi ya kinywa chako. Fungua mlango wa kabati useme huna binti, mtoto wako ni Shamir. Usiongeze neno."

Bi Rashida alianza kusoma. Shamir alikuwa kwenye kochi, midomo imempauka, macho hayamtoki mama yake. Zebunissa akafungua kabati. Makoti yalikuwa yanatikisika yote kwa pamoja, na nyuma yake kukatoka kilio, kilio kilekile cha mtoto mwenye homa aliyembeba mgongoni usiku kucha miaka ile, kikimsihi, mama usinitupe, mama nimefanya nini, mama nani atakuzika, na alifungua kinywa aseme, akakusanya pumzi, akageuka akamwona Shamir anamtazama, akageukia tena giza lile lenye harufu ya udi.

"Ngoja kidogo, binti yangu," alisema.

Bi Rashida alinyamaza katikati ya neno. Kilio kilikatika. Mganga alivaa koti bila kuaga, akaondoka bila kuangalia kochi.

Shamir aliinuka akaingia bafuni, akakaa sana. Aliyetoka alikuwa na rangi usoni na nywele zimechanwa kwa upole upande mmoja. Alikaribia meza, akakusanya vikaragosi vyote, akavitia kwenye mfuko wa taka, akaandaa sahani mbili.

"Na filamu yako?" Zebunissa aliuliza.

"Filamu gani, mama?"

Zebunissa alijua ni yule wa kabatini. Alimtazama muda mrefu, akitafuta machoni mwake mtoto aliyemzaa, asimwone. Kisha akavuta sufuria karibu, akampakulia wali.