Siku Tatu za Kimya cha Valary

Kila jioni, Nyanya Phanice alipokuwa akikatakata sukuma wiki kibandani pake Kambi Muru, Nairobi, mjukuu wake Valary, aliyemwita Kukhu, alimsomea ujumbe wa simu. Macho ya nyanya yalikuwa yamefifia, na spika ya simu iliharibika zamani. Hata Boaz, mwanawe nyanya na babake Valary, alizoea kuandika badala ya kupiga. Boaz alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye mtambo wa mafuta, baharini, katika nchi ya mbali.

Jumanne ujumbe ulitoka kwa Wangoi wa Kawangware, ambaye mumewe alifanya kazi na Boaz.

"Poleni sana. Helikopta iliyobeba wafanyakazi imeanguka baharini. Boaz alikuwemo. Hakuna aliyepona. Mama yake afike ofisi ya kampuni hapa Nairobi kabla ya Ijumaa kuisha, apimwe DNA kwa mate, ili mwili wa Boaz utambuliwe."

"Wanasemaje?" nyanya akauliza.

Valary alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwao alifunzwa kwamba mtoto hatangazi kifo. Watu wazima huja, humketisha mfiwa, ndipo humwambia.

"Baba anakusalimia, Kukhu. Yuko kazini tu."

"Mwambie akule vizuri. Huko ni baridi."

Valary akajifanya anaandika. Kisha akaosha vikombe. Hakulia.

Jumatano alingoja watu wazima. Hawakuja, maana kila aliyesikia habari alidhani nyanya ameshajua. Alhamisi, wakati wa mapumziko, rafiki yake Aluoch alimkatia nusu ya chapati.

"Sasa wewe, siku ya pili umekaa kama sanamu. Nimekukosea?"

"Hapana."

"Basi kula, ama nikunyang'anye."

Valary alitafuna bila kusikia ladha. Kisha akasema yote, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya masomo.

Baada ya masomo Aluoch alimshika mkono, akampeleka moja kwa moja kwa mama yake mwenyewe, fundi wa kushona. Mama huyo aliacha gauni la mteja chini ya sindano, akajifunga leso, akafuatana nao.

Alimketisha nyanya, akamwambia. Nyanya alibaki na kisu mkononi, mboga mapajani. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja alikichukua kile kisu polepole, akaendelea kukata.

"Ujumbe ulikuja lini?" nyanya akauliza.

"Jumanne, Kukhu. Nilikuwa nangoja watu wakubwa."

"Nisomee sasa. Kila neno."

Valary akasoma. Ijumaa ilikuwa kesho yake.

Asubuhi ya Ijumaa mamake Aluoch aliwapeleka ofisini. Muuguzi alipitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu la nyanya. Haikuchukua hata dakika. Wiki tatu baadaye Boaz alitambuliwa, akaletwa, akazikwa kijijini kwao Kimilili kando ya kaburi la babake.

Wageni walipoondoka, nyanya alimvuta Valary karibu.

"Najua ulinihurumia. Lakini uongo ule ungemwacha mwanangu huko bila jina. Jambo likikulemea, mpelekee mtu mzima siku hiyo hiyo. Usilifiche, wala usiligeuze."

"Nisamehe, Kukhu."

"Nilikusamehe kabla hujamaliza kusoma. Sasa lia, mama."

Na Valary, kwa mara ya kwanza, akalia.