Mwambie Nimevuka

Jioni hiyo nilikuwa Adams Arcade nikinunua vitunguu. Giza lilikuwa linaingia. Mama wa mboga alishaanza kufunga kibanda chake, nami nilikuwa nambembeleza aniongezee kimoja, simu ikalia mfukoni.

Namba ngeni.

Nikapokea.

"Dada, wewe ni Naliaka?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake lori lilikuwa linanguruma. "Mimi nauza shanga hapa Namanga. Kuna mwanaume aliniomba nikupigie tangu mchana, nikasahau, nisamehe. Alisema tu nikwambie amevuka."

"Yuko wapi sasa?"

"Basi yake ilitoka kitambo. Lazima inakaribia huko kwenu." Kisha akashusha sauti. "Dada... huyo mtu ni mgonjwa? Mkono wake ulikuwa baridi sana."

Vitunguu vikaniponyoka. Mtu aliyekuwa akizungumziwa ni mume wangu, Wesonga. Tulimzika Kimilili kabla ya mvua ya masika, na sasa mahindi ya watu yalikuwa yamefika mabegani.

Wacha nikueleze habari zake, maana sitaki umwogope kabla hujamjua. Wesonga alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Dagoretti, karibu na machinjio. Mkono wa birika, Mungu amrehemu. Alikuwa anazima taa tukiwa bado tunakula, eti mkono unaijua njia ya mdomo. Binamu yake Sifuna alipomtafutia kazi Johannesburg, kila mtu alimwambia apande ndege kama watu wengine. Akapiga hesabu zake, akacheka. Ataenda kwa barabara, basi hadi basi: Namanga, Tunduma, Lusaka, Harare, mpaka Beitbridge. Pesa ya ndege itaezeka nyumba yetu ya Kimilili.

"Kawia ufike," aliniambia. Nami nikamtania kwamba atafika ndevu zikiwa kifuani. Lakini mabati yalinunuliwa kweli, na yakawekwa juu ya paa yeye akiwa ameshaondoka.

Laini yake haingeshika huko nje, na kununua laini mpya kila nchi kwake ilikuwa dhambi. Kwa hivyo kila mpaka alimwomba mtu yeyote aliyekuwa karibu, dereva au mwenye kibanda, anipigie aniambie neno moja tu. Amevuka. Nilizipokea salamu hizo kwa sauti nisizozijua na lafudhi za kila namna, na kila mara nililala vizuri.

Siku ya kuondoka alibeba begi lake la turubai. Kifungo cha chuma cha mshipi wa begi hilo kilikuwa kimevunjika akakichomelea mwenyewe, na tangu hapo kilikuwa kinagonga kila akipiga hatua. Kling... kling. Alisimama mlangoni. Hatukukumbatiana, sisi hatukuzoea hayo. Alisema tu lile neno tunalosema sote hapa Nairobi tukitoka, uwe unakwenda dukani au unakwenda kuishi ng'ambo.

"Nakuja."

Hakuja. Jukwaa la mjengo lilivunjika kule Johannesburg akiwa juu yake. Majirani na watu wa kanisa wakachanga, na mwili ukaletwa peke yake, katikati ya mizigo. Ndege aliyoikataa akiwa hai ndiyo iliyomleta. Wazo hilo lilinijia tukiwa uwanja wa ndege nikacheka, nikacheka mpaka wakanishika mikono. Tukamlaza kando ya ile nyumba yenye mabati mapya.

Simu ya kwanza ilikuja baada ya mazishi, kutoka Zimbabwe. Kijana mmoja alinieleza kwa Kiingereza cha kwao kwamba kuna mtu amemtuma, amevuka. Nilidhani ni matapeli, nikamtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Ya pili ilitoka Zambia. Huyo sikumtukana. Ya tatu ilitoka Tunduma, mzee mpole anayeuza maji mpakani, na kabla hajakata aliniuliza kwa upole mbona mume wangu ananuka chuma kilichoungua.

Hiyo ndiyo harufu yake. Sabuni zote za Nairobi zilishindwa kuitoa.

Nikaenda kwa shangazi Veronicah, senge kwa lugha yao, dada ya baba yake Wesonga, ambaye anakaa hapo hapo Dagoretti. Hakushangaa. Aliuliza jambo moja tu: nani alimwita? Kwao, mtu akifia mbali, mmoja wa jamaa huenda pale alipoangukia, akamwita kwa jina na kumwambia twende nyumbani. Njiani huambiwa kila mto unapofikiwa, hapa tunavuka. Wasipofanya hivyo, mwili huja na mwenyewe hubaki. Nilimwambia hakuna aliyekwenda. Sifuna alitia sahihi, sanduku likaondoka.

"Basi hakuna mtu alimwambia kuna ndege," senge alisema. "Anarudi na njia yenye anajua."

Nilitaka kulia, lakini alikuwa bado hajamaliza. Alinionya kwamba asifike kwangu. Nyumba ya kupanga si mji wa mtu. Akibisha hodi, ulimi ukateleza ukasema karibu, ataingia, na hatatoka, na hatapumzika humo milele, nami nitakwisha pole pole kama sabuni. Nimpokee njiani, nimwite kwa jina lake, nimpeleke kwake. Huko nimwambie kwamba amekufa. Lazima iwe mimi, kwa sababu akiambiwa na mwingine atafikiri ni utani.

"Ukimaliza kumwambia, toka. Usiage."

Kwa hivyo jioni hiyo pale Adams Arcade sikuviokota vitunguu. Nilimpigia senge, akaniambia niende tauni, katikati ya jiji, mbio, atanikuta kwenye mabasi.

Mabasi ya Namanga huteremsha watu kwenye uchochoro mmoja karibu na River Road. Taa za barabarani zilikuwa zimewaka upande mmoja tu. Kulikuwa na moshi wa mahindi ya kuchoma, na mtaro uliokuwa unanuka kama kawaida yake, na watu wakipigana vikumbo kuwahi makwao. Nilisimama ukutani. Kila mwanaume mrefu aliyepita nilimtazama usoni.

Basi likaingia. Abiria wakashuka, mama na kuku wake, wafanyabiashara na magunia yao, wanafunzi wawili wakicheka. Kisha hakushuka mtu tena. Kondakta akachungulia ndani, akatoka akikuna kichwa.

"Madam, unangoja mtu?" aliniuliza. "Kuna jamaa huko nyuma amekataa kushuka. Ati anangoja aitwe."



Upepo mdogo ukatoka kwenye mlango wa basi. Ulikuwa baridi. Ulinuka chuma kilichoungua.

Sikuwahi kumwita Wesonga kwa jina mbele za watu. Nyumbani nilimwita Mzee, kwa kumtania, maana alianza kuota mvi mapema. Sasa nikajikuta katikati ya tauni, watu wakipita na mifuko yao, na natakiwa kulitamka. Kama ningenyamaza, labda angekaa kwenye lile basi, arudi nalo Namanga, aende na kurudi, aende na kurudi. Kama ningemwita, ningekuwa nimekubali.

"Wesonga," nikanong'ona. "Twende."



Kling.

Ngazi ya basi ikalia, kama inavyolia mtu akiikanyaga.

Kling.

Kondakta alikuwa amerudi ndani. Nilimsikia akisema peke yake, si alikuwa hapa, si alikuwa hapa sasa hivi. Mimi sikugeuza shingo. Ubaridi ulisimama kando yangu, upande wa kushoto, upande aliopenda kutembea. Kisha sauti ikanijia sikioni, imechoka, imejaa vumbi la nchi zote zile.

"Naliaka... mbona imekuwa mbali hivi?"

Nililia. Sikulia kwa woga. Nililia kwa sababu alikuwa amechoka, na nyumbani kwetu kulikuwa na kitanda, na chai, na maji ya kuoga ningeyachemsha, na nimekatazwa kumpa hata kimoja.

Senge alitukuta hapo. Alinitazama mimi, akatazama upande wangu wa kushoto, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesalimia. Alikata tikiti za basi la kwenda magharibi, viti vitatu. Karani aliuliza wa tatu ni wa nani, senge akamwambia ni wa mtoto wake. Wesonga angelalamika njia nzima kuhusu hicho kiti.

Nilikaa karibu naye. Watu walilala. Kila mto senge alinigusa goti, nami nikanong'ona, hapa tunavuka. Katikati ya hiyo mito nililaza kichwa changu upande wa ule ubaridi, na shavu likafa ganzi, na sikuliondoa. Senge aliona.  Nzoia tuliivuka kukianza kupambazuka, na nilipomwambia hapa ni Nzoia, nilisikia mtu akishusha pumzi ndefu.

Umande ulikuwa mzito Kimilili. Tulipita kati ya mahindi, mimi mbele, senge nyuma, na ile sauti katikati yetu, kling... kling... Mbwa wa jirani alisimama njiani, akatingisha mkia, kisha akabadili nia akakimbia. Mabati yalikuwa yanang'aa. Wesonga hakuwahi kuyaona yakiwa juu ya paa, alipelekewa picha tu. Nilimwacha ayatazame. Senge alinihimiza kwa macho, lakini nilimwacha ayatazame.

Kisha nikamwonyesha kaburi.

"Ulikufa, Wesonga," nikasema. "Ulianguka kazini. Hapa ndipo tulikulaza."

Nilingoja. Ndege walikuwa wameanza kelele zao.

"Ulifika kwa ndege," nikaongeza, sijui kwa nini. "Hakuna mtu alikwambia."

Kitu kizito kikatua chini karibu na miguu yangu, kama begi la mtu aliyelibeba muda mrefu. Udongo haukuonyesha alama. Harufu ya chuma ikapungua, ikapungua, mpaka ikabaki harufu ya mahindi mabichi. Bega langu la kushoto likapata joto. Ilikuwa imekwisha. Nilihisi nimekatwa mkono.

Senge alishageuka akaanza kuondoka bila neno, kama alivyonifundisha. Nami nikageuka. Nikapiga hatua. Na ulimi huu, ulimi wa Nairobi, ulimi usioweza kutoka mahali popote bila kusema kitu, ukasema peke yake.

"Nakuja."

Senge akasimama ghafla kati ya mahindi.

"Umesema nini?"

  Nyuma yetu, chini chini, mara moja tu, kifungo kiligonga.

Kling.

Njia yote ya kurudi senge hakunisemesha. Tulipofika Nairobi aliniambia nibadilishe laini, nisiulize mengi, na nisikanyage Kimilili mpaka yeye mwenyewe aniambie. Nilipomuuliza kuna ubaya gani, ni neno tu, kila mtu hulisema, alinitazama kwa huruma iliyonitisha kuliko basi lile. Alisema marehemu hajui mazoea. Marehemu anajua alichoambiwa.

Hiyo ilikuwa Julai. Laini sijabadilisha. Najiambia ni kwa sababu wateja wangu wa mapazia wanaijua namba hiyo, na huo ni uongo, hata mapazia yanajua.

Jana jioni nilikuwa jikoni nikikatakata vitunguu. Taa nilikuwa nimeizima ili nisiharibu stima, siku hizi nimekuwa kama yeye. Simu ikalia. Namba ngeni.

"Mama, habari ya jioni. Ni mimi mwenye duka hapa njia panda, hapa karibu na kwenu Kimilili." Sauti yake haikuwa imetulia. "Kuna mtu hapa nje. Simuoni vizuri, anasimama kwa giza. Anasema nikuulize... umefika wapi?"

Nyuma yake nilisikia panzi wa shambani. Na kati ya panzi, kling.

Ningeweza kumwambia amekosea namba. Ningeweza kukata, nikaivunja ile laini vipande viwili, kama senge alivyotaka. Kisu kilikuwa mkononi na machozi yalikuwa yananitoka, ya vitunguu na mengine. Nilitazama mlango aliposimama siku ile na begi lake. Nilitazama kitanda chetu. Halafu nikamwona pale njia panda, bahili wangu, hata leo hana simu yake mwenyewe, anawasumbua watu wenye maduka.

Watu wa Nairobi tuna jibu moja tu kwa swali hilo, hata kama bado tuko kitandani hatujavaa viatu.

"Mwambie niko njiani," nikasema.