Skafu ya Mikono Miwili

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku alipitia kwanza kibandani kwa baba yake, fundi baiskeli. Alifagia vumbi la kutu, akaokota spoku zilizopinda na kuzitia kwenye kopo, kisha akachemsha chai. Baba aliinywa akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine ukizungusha gurudumu. Hawakuongea sana. Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa sababu alipokuwa mdogo mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alipofariki, jina lilibaki, maneno yakaenda zake.

Mama alikuwa mfumaji. Alifuma vikofia na soksi za watoto wachanga, akaviuza karibu na lango la hospitali. Ndiyo hospitali hiyo hiyo aliyolazwa baridi ilipoanza, kifua kikimbana. Wakaambiwa dawa ziko njiani. Zilikuwa njiani mpaka watu wakarudi kutoka kumzika, na pengine ziko njiani hadi leo, maana wanaozituma hawalazwi wodi ile.

Nyumbani kwao palikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Ukutani, kwenye msumari, kilining'inia kikapu cha mama. Ndani mlikuwa na skafu ya kijivu aliyokuwa akimfumia mumewe, bado iko sindanoni, pamoja na donge la uzi uliobaki. Baba hakukigusa kikapu kile. Asubuhi alikitazama mara moja kabla ya kutoka, basi.

Muhula huo shule yao ilipata somo la kufuma. Wakubwa walitangaza kwamba nyuzi na sindano zingeletwa. Kilicholetwa ni kibao cha kupigilia mlangoni: CHUMBA CHA KAZI ZA MIKONO. Mwalimu wa kufuma, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliona kungoja hakuna mwisho. Akawaambia watoto walete masweta yaliyochakaa, wayafumue wapate uzi. Fundi baiskeli naye akawanolea spoku zikawa sindano.

"Tunaanza na vitu vyepesi," alisema mwalimu. "Utepe wa kichwa, kifuko cha funguo, skafu. Kila mmoja afume zawadi ya mtu ampendaye. Na kumbukeni, kitanzi kikiponyoka kiokoteni palepale. Ukikiacha, kitashuka mpaka chini na kuacha matundu kama ngazi."

Chiriku alianza utepe wa kichwa. Alivuta uzi kwa nguvu kupita kiasi, vitanzi vikabana, vingine vikaponyoka akajifanya hajaviona. Msichana wa dawati la mbele, ambaye darasa zima lilimwita Malkia kwa maringo yake, aliuinua utepe ule juu wote wauone.

"Jamani, hiki ni utepe au chujio la chai?"

Darasa likaangua kicheko.

"Na mama yake alikuwa mfumaji!" Malkia akaongeza. "Ama kweli, si kila mtoto wa nyoka ni nyoka."

Chiriku aliunyakua utepe wake. Lile neno la mama lilimwingia kama mwiba.

Alasiri hiyo, baba akiwa bado kibandani, alipanda juu ya kigoda akakishusha kikapu. Skafu ilikuwa laini, safu zake zimelala sawa kama nywele zilizochanwa. Ilibaki kama kiganja na nusu ikamilike. Akajiambia anaimalizia tu. Kila alasiri alifuma kidogo, mpaka akaufikia mwisho na kufunga vitanzi. Kisha akaipeleka shuleni, pamoja na sindano zake.

"Nani amekusaidia?" mwalimu aliuliza, macho juu ya miwani.

"Hakuna, Mwalimu. Nimefuma mwenyewe."

Mwalimu alipitisha vidole kwenye skafu, akasita karibu na mwisho, akamtazama tena. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaingia na ameshaidaka.

"Hii ndiyo! Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta! Ijumaa mgeni rasmi, yule mkubwa aliyetuahidi nyuzi, anakuja kutufungulia chumba. Atavishwa skafu hii shingoni. Piga makofi, darasa!"

Darasa likapiga makofi. Hata Malkia alipiga, shingo upande. Mwalimu Mkuu akaenda kuifungia skafu kabatini, na Chiriku akabaki amesimama, mikono mitupu. Hakuwa amefikiria kwamba itachukuliwa. Alidhani itasifiwa tu, airudishe kikapuni bila mtu kujua.

Jioni baba aliporudi alivua koti lake lililolowa mvua, akainua macho ukutani. Kikapu kilikuwa kimelegea. Akakishusha, akatia mkono.

"Chiriku, skafu ya mama yako iko wapi?"

"Sijui, Baba." Sauti ilikuwa ndogo. "Labda panya."

Baba alisogeza kitanda, akapiga magoti sakafuni, akaanza kutafuta tundu la panya kwa vidole vyake vyenye grisi. Akaondoa masanduku. Akatikisa magunia. Alitafuta kila pembe, akipumua kwa shida, na Chiriku aliona mgongo wake ukitetemeka ingawa uso hakuuona. Kisha baba akatulia palepale chini.

"Panya gani huyo," alisema taratibu, "anayekula sufu na sindano za chuma?"

Hapo Chiriku alishindwa. Alilia, akasema yote: utepe, kicheko, kikapu, kabati la Mwalimu Mkuu, mgeni rasmi. Alingoja kofi. Halikuja.

"Wakubwa walimnyima mama yako dawa," baba alisema akiitazama sakafu. "Sasa na kazi ya mikono yake wanaivaa shingoni. Walewale! Na aliyewapelekea ni binti yangu." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Kesho utakwenda kusema."

"Baba, njoo useme wewe. Wewe ni mkubwa."

"Uongo niliusema mimi? Nitasimama mlangoni. Mdomo utakuwa wako."

Asubuhi walikwenda. Baba alisimama mlangoni kama alivyosema, kofia mkononi. Chiriku aliongea mbele ya Mwalimu Mkuu na mwalimu wa kufuma, maneno yakikatikakatika. Mwalimu Mkuu alikunja uso.

"Ratiba imeshapelekwa juu. Skafu imeshaandikwa. Tumwambie nini mgeni, kwamba shule nzima haina kitu cha kumpa?"

"Ndivyo ilivyo," alisema fundi kutoka mlangoni. "Haina. Yeye ndiye aliyeahidi nyuzi."

Mwalimu wa kufuma alikwenda kabatini, akaitoa skafu, akaitandaza mezani.

"Tazama hapa, Mwalimu Mkuu. Kutoka huku safu zimelegea vizuri, mkono umetulia. Kuanzia hapa zimebana, na skafu yenyewe imekuwa nyembamba. Hii ni mikono miwili. Niliiona siku ile nikanyamaza, na hapo nami nilikosea. Kitu cha marehemu hakigawiwi bila ruhusa ya waliofiwa."

Mwalimu Mkuu alikohoa, akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Ichukueni," akasema mwishowe. "Lakini binti aliambie na darasa."

Kuliambia darasa kulikuwa kugumu kuliko ofisini. Kule nyuma mtu alinong'ona, "Mwizi wa marehemu," na safari hii hakuwa Malkia. Malkia alikuwa ameinamisha kichwa. Mwalimu alipiga dawati kwa kiganja.

"Anayejua kwamba hajawahi kusema uongo asimame!"

Hakusimama mtu.

Ijumaa watoto walipangwa uwanjani kwenye manyunyu. Mgeni rasmi hakuja. Alituma salamu kwa simu, akasema nyuzi ziko njiani. Watoto wakarudi madarasani wamelowa, wakipiga chafya.

Jioni hiyo Chiriku aliketi kitandani na skafu mapajani. Alikata fundo la mwisho akaanza kufumua. Safu zake zilitoka kwa ubishi, uzi umejikunjakunja. Baba aliketi mkabala naye akiuviringa kuwa donge. Kadiri alivyofumua, ndivyo Chiriku alivyopunguza mwendo, kwa hofu ya kupitiliza. Kisha uzi ukaja kwa wepesi, bila kuvutwa, na vitanzi vikabaki wazi mbele yake, laini, vimejipanga. Vidole vyake vikasimama. Ilikuwa safu ya mwisho ya mama.

Aliingiza sindano katika kitanzi kimoja kimoja, mpaka vyote vikarudi mahali pake.

"Niirudishe kikapuni, Baba?"

Baba alitikisa kichwa.

"Hapana, mama. Malizia. Hapo hapo, chini ya safu zake, kwa mkono wako na kwa jina lako."

"Itakuwa mbaya. Watu watapaona pale nilipoanzia."

"Wapaone. Shingo yangu haina macho, inataka joto tu." Akamsogezea donge la uzi. "Nisikilize. Mimi shule sikufika mbali, lakini hili nalijua. Kazi mbovu uliyoifanya mwenyewe unaifumua, unairudia, kesho inakuwa afadhali. Kazi ya mwenzio ukiiita yako, utairudia kuanzia wapi? Hujui hata ilipoanzia. Wakubwa wametuahidi vya uongo mpaka tumezoea kungoja. Tusije tukazoea na kusema kama wao."

Chiriku alizungusha uzi kidoleni. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha, na bati lilivuja palepale linapovuja siku zote. Alifuma kitanzi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikaponyoka. Aliinama karibu na taa, akakiokota.